Mama Lucian na Majina ya Zamani

Kwenye kampasi yetu ya Masasi kuna watu sitini na wanne wanaolipwa mshahara, na mmoja tu anayejua wanafunzi ni akina nani. Huyo ni Veridiana, karani wa masijala, ambaye hakuna anayemwita Veridiana isipokuwa karatasi ya mshahara. Sisi wengine tunamwita Mama Lucian. Ana miaka hamsini na tisa. Aliingia masijala kampasi ikiwa bado chuo kidogo cha ualimu, akakuta makabati mawili ya chuma na karani mwenzake mmoja. Mwenzake alistaafu. Makabati yapo.

Mimi naitwa Edson, natoka Tukuyu, na kazi yangu ni kompyuta. Sikuomba kuja Masasi. Nililetwa na barua, na nimebaki kwa sababu barua ya kunirudisha haijaandikwa. Nayasema haya mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa ndizi ambaye mwaka wa sita huu analishwa ugali wa muhogo, na hasira zake zipo karibu. Lakini Mama Lucian nitamsema kwa haki, kwa sababu katika habari hii mwenye makosa ni mimi.

Mwanafunzi mpya akifika dirishani kwa Mama Lucian, haulizwi namba ya fomu. Anaulizwa, "Wewe wa nani?" Akimtaja baba yake, Mama Lucian anaitikia kwa heshima, kisha anaendelea kusubiri. Anataka upande wa mama. Anataka bibi, anataka mjomba, anataka na kijiji cha mjomba. Kwa Wamakonde, na kwa majirani zao Wamakua na Wayao, huko ndiko mtu anakotoka. Baba ni mgeni aliyekaribishwa vizuri. Akishafika kwa mjomba anayemfahamu, au anayemfahamu mtu anayemfahamu, ndipo anapokea fomu. Wakati huo foleni imeshafika kwenye bomba la maji. Mwaka wangu wa kwanza nilimweleza kwamba maswali hayo hayamo kwenye fomu.

"Ndiyo maana fomu zenu zinapoteza watu, Baba Dina," alinijibu. Dina ni binti yangu. Nilikuwa na wiki moja tu kazini na sikumbuki kumwambia kwamba nina mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye fomu, nalo ndilo kiini cha habari yangu. Huku mtoto akizaliwa hupewa jina. Akienda jando, au unyago kwa msichana, anarudi na jina jingine, na lile la kwanza linabaki huko huko. Kumwita mtu mzima jina lake la utoto ni tusi, na si tusi dogo. Wazee huitana kikao kwa ajili hiyo. Taabu ni kwamba shule haiendi jando. Mwalimu wa darasa la kwanza ameandika jina la utoto kwenye rejista, na jina hilo linapanda na mtoto darasa kwa darasa, na wengine linawafuata mpaka kwenye cheti cha kidato cha nne. Matokeo yake unampata mtu mzima, ana ndevu na wake na watoto, na vyeti vyake ni vya mtoto ambaye kwa mujibu wa ukoo mzima hayupo tena.

Dawa ya Mama Lucian ilikuwa kaunta buku yenye jalada la kijani. Akimgundua mwanafunzi wa namna hiyo, anafunga dirisha, anamwingiza ndani, anamkalisha, na kumuuliza jina la zamani kwa sauti ya chini. Analiandika mkabala na jina jipya, pamoja na namba ya cheti. Kisha anamwambia maneno yaleyale kila mara: "Limeingia hapa, halitoki hapa." Daftari linarudi kabatini, kabati linafungwa, ufunguo unarudi kwenye pindo la kanga. Kwa miaka thelathini na mitatu hakuna jina lililotoka. Akina mama wa Newala, Lupaso na Chidya walijua hivyo, na wengine walikuwa wakiwasindikiza watoto wao chuoni wenyewe ili wamkabidhi Mama Lucian jina hilo mkono kwa mkono.

Septemba mwaka jana makao makuu ya chuo yalituma waraka. Ulisema kwamba taarifa ni rasilimali, na rasilimali haikosi mwenyewe. Kwa hiyo kila kampasi iorodheshe aina za taarifa ilizonazo, na mbele ya kila aina iandikwe nani mmiliki, nani mtunzaji, nani ana ruhusa ya kuona, na nani atajibu mambo yakiharibika. Sheria ya taarifa binafsi sasa ipo, waraka ukakumbusha. Mkuu wa kampasi, Dokta Ladislaus, mtu mpole anayependa vikao kama wengine wanavyopenda mpira, aliniteua mratibu. Nikachora jedwali, nikaligawa kwa wakuu wa idara.

Tulifanya vikao kumi na kimoja. Jedwali likarudi limejaa. Idara ya taaluma iliandika kwamba mmiliki wa matokeo ya mitihani ni mimi, kwa kuwa matokeo yamo kwenye kompyuta. Yaani mwenye ndoo ndiye mwenye maji; hoja hiyo ukiitoa Newala wakati wa kiangazi utapigwa. Bi Dorothy wa maktaba, kwenye nafasi ya mmiliki, aliandika "Wahusika". Ofisi ya wanafunzi iliandika "Kama ilivyo". Dokta Ladislaus mwenyewe, alipoulizwa mmiliki wa taarifa za wanafunzi, alifikiri kwa muda mrefu akasema mmiliki ni chuo. Nikauliza, chuo ni nani? Kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chai.

Nilichojifunza katika vikao hivyo ni kifupi. Taarifa ikihitajika, ni ya kila mtu. Ikikosewa, ni yatima. Mama Lucian alihudhuria vikao vyote kwa sababu ndiye aliyeandika mihtasari. Hakuchangia neno, na hakuna aliyemwomba achangie.

Mwezi wa kumi na moja ukafika, na mahafali yalikuwa Desemba. Mfumo mpya wa kompyuta ulipaswa kumkagua kila mhitimu mtarajiwa kuanzia cheti cha kidato cha nne mpaka mtihani wa mwisho. Walikuwa mia mbili na kumi. Mfumo uliwakataa thelathini na saba, ukisema hawajawahi kusoma sekondari. Papo hapo ulinionyesha vyeti thelathini na saba vya watu wengine ambao, kwa maoni yake, walileta vyeti chuoni kisha wakatoweka. Nilikaa siku mbili nikiutukana mfumo. Siku ya tatu nikaenda masijala.

Mama Lucian aliyasoma majina ya waliokataliwa, jina moja baada ya jingine, akasema, "Hawa wote ninao." Nikamwomba daftari. Akakataa. Nikaenda kwa Dokta Ladislaus, naye akamwandikia barua ya kumwagiza. Mama Lucian aliisoma barua mara mbili, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye faili lake. Ndipo akafungua kabati.

"Utanakili hapa, mbele yangu," alisema. "Jina la zamani liende pale panapounganisha cheti na mtu, basi. Lisisomwe na mtu. Nimewaahidi hawa, Baba Dina."

"Usiwe na wasiwasi, mama."

Nilimjibu kwa wepesi uleule ambao fundi anakwambia nao kwamba nguo itakuwa tayari kesho. Niliona ni mila za watu, zinastahili heshima, na heshima yangu nilidhani ni kutocheka. Nilinakili majina thelathini na saba mchana mmoja, yeye akiwa kaketi pembeni ameshika mapaja, na kwenye mfumo nikayaweka kwenye nafasi iliyokuwepo, iliyoandikwa "Majina mengine". Vyeti vikaungana na watu. Mfumo ukawapitisha wote mia mbili na kumi. Nilifurahi sana. Siku ile hata ugali wa muhogo niliuona chakula.

Sasa, chuo chetu kina utaratibu wa miaka mingi, na si mbaya: kabla orodha ya wahitimu haijaenda makao makuu inabandikwa kwenye ubao wa matangazo ili kila mmoja ahakiki jina lake. Nikauamuru mfumo utoe orodha, ukaitoa. Nikakagua kwamba idadi ni mia mbili na kumi na kwamba mistari imenyooka. Sikuyasoma majina, ya nini, wenyewe si watayasoma? Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi ya mmiliki wa taarifa. Nikaiacha wazi, kwa sababu huo ndio ulikuwa ukweli. Jumatatu saa tatu asubuhi nikaibandika kwa mikono yangu, kwa pini nne.

Mbele ya majina thelathini na saba mfumo ulikuwa umeongeza maneno "pia anajulikana kama", na baada ya maneno hayo ukaandika kile nilichoupa.

Miongoni mwao alikuwemo Bwanali. Bwanali ni mwalimu wa shule ya msingi kule Lisekese, ana miaka arobaini na mbili, kwao ni Newala. Alikuja chuoni kutafuta digrii baada ya miaka kumi na minane ya kushika chaki, akakaa darasa moja na vijana wa kuwazaa. Hao vijana walimchagua kiongozi wao. Walikuwa wakimwita Mwalimu, naye alikuwa akiwaamsha kwa simu asubuhi ya mtihani. Katika ukoo wa mama yake hakuna aliyewahi kuvaa joho, na joho lake tayari lilikuwa limeshapimwa.

Kijana mmoja wa darasa lake, mtu wa Shinyanga, alilisoma jina la utoto la Bwanali kwa sauti. Hakuwa na ubaya. Lilimfurahisha tu masikioni. Kisha kijana mwingine akacheka, na huyu alikuwa wa Newala. Kicheko chake ndicho kilichomaliza mambo, maana yeye alijua anachokicheka. Bwanali alikuwa amesimama nyuma yao. Hakugomba. Alikwenda getini, akamkabidhi mlinzi kitambulisho chake cha uanafunzi, akasema, "Mpe anayehusika," akapanda bodaboda. Mlinzi akakaa na kitambulisho mpaka jioni, kwa sababu hakujua anayehusika ni nani. Hata mimi sikujua, na nilikuwa na jedwali.

Jina lenyewe sitaliandika hapa.

Mama Lucian alifika ubaoni saa tano. Alizitoa pini moja moja, akanikabidhi zote nne mkononi. "Pini ni za ofisi," alisema. Akaikunja orodha mara nne, akaitia kifuani. Wanafunzi wakampisha njia. Nilimfuata mpaka masijala nikieleza kwamba mfumo ndivyo ulivyotengenezwa, kwamba ile nafasi ya majina mengine ina tabia ya kujitokeza, kwamba nitairekebisha. Alifunga mlango, tukakaa.

"Mtoto anapotoka jando, banda walimokaa linachomwa moto," alisema. "Na lile jina linachomwa humo. Mimi nilikuwa natunza majivu ya watu, Baba Dina. Kwa sababu serikali inataka vyeti, nikasema haya, acha nitunze. Wewe umeyachukua ukayamwaga barabarani."

Nikaziweka zile pini nne juu ya meza yake.

"Nilimwahidi mama yake Bwanali. Alikaa hapo ulipokaa wewe. Na marehemu hawezi kurudi kuniuliza, ndiyo inaniuma zaidi."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningepumzika. Nilitoka pale nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuipata tangu nikiwa mdogo, aibu ya kutamani kuwa mtu mwingine.

Wale thelathini na sita wengine walilalamika, kila mmoja kwa namna yake. Wawili walitaka kunipiga, na niliona wana haki. Msichana mmoja alilia ofisini kwa Mama Lucian mpaka saa nane. Lakini mahafali ni mahafali, walimeza, wakabaki. Bwanali hakurudi. Jumanne ikaja barua yake, ya mkono, mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama kama zinakaguliwa. Aliandika mambo mawili: ameacha masomo, na jina lile lifutwe kila mahali chuoni lilipoandikwa.

Hapo ndipo palipokuwa na kisu. Jina likifutwa, cheti cha kidato cha nne kinakuwa cha mtu asiyejulikana, na miaka mitatu ya Bwanali inakuwa ya mtu asiye na sekondari. Digrii inaanguka. Jina likibaki, harudi. Na orodha makao makuu ilikuwa inafungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Anayeikosa anasubiri mwaka mzima, na Mama Lucian alisema huyu hatasubiri, huyu ndio tumempoteza.

Dokta Ladislaus akaitisha kikao cha kumi na mbili. Ajenda ilikuwa moja: nani anahusika? Wakuu wa idara walilitazama dari, nami nikalitazama, nikaona lina nyufa. Idara ya taaluma ilikumbusha kwamba haikushiriki katika kubandika. Bi Dorothy alisikitika. Mtu akapendekeza tuandike kwamba kosa ni la mfumo, na pendekezo hilo likapokelewa kwa faraja kubwa, maana mfumo hauna mke wala kiinua mgongo. Nakiri kwamba nami nilitikisa kichwa kukubali. Mama Lucian aliandika muhtasari mpaka neno la mwisho, akafunga kalamu, akamwomba Dokta Ladislaus ruhusa ya siku moja. Nje akaniuliza, "Pikipiki yako ina mafuta?"

Jumatano asubuhi tukapanda kwenda Newala. Mama Lucian alikaa upande nyuma yangu, kofia ya pikipiki juu ya kilemba, daftari la kijani limefungwa kwenye kanga na kubanwa mapajani. Hakuongea njia nzima isipokuwa mara mbili kuniambia nipunguze mwendo. Barabara inapomaliza kupanda ukingo na kuingia kwenye uwanda wa juu, upepo unakuwa wa baridi na harufu ya mabibo yaliyoiva inakupokea kabla ya watu. Ni mahali pekee katika wilaya hizi ambapo ninaikumbuka Tukuyu bila hasira. Siku ile sikuikumbuka. Nilikuwa napanga maneno.

Bwanali alikuwa kwa mjomba wake, Mzee Yunusi, nje kidogo ya mji. Tulimkuta mzee uani anageuza korosho zilizoanikwa kwenye turubai, kwa mguu, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu. Bwanali alikuwa barazani anachambua nyingine, mbovu huku, nzima huku. Alituona. Aliendelea kuchambua.

"Shikamoo, mjomba," Mama Lucian alisema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Ikawa zamu yake kuulizwa. Walikwenda kwa mama, wakaenda kwa bibi, wakavuka kijiji, wakakutana kwenye harusi moja ya miaka ya sabini. Ilichukua robo saa. Mimi niliketishwa kwenye kigoda, nikapewa maji, nikayanywa. Mzee Yunusi alipojua anazungumza na nani, aliacha korosho, akaja akakaa.

"Huyu kijana wangu amenieleza," alisema. "Nataka kuuliza moja tu. Nani mwenye daftari?"

Nikasafisha koo. Nilikuwa nimepanga maneno toka Masasi. Nikaanza kumweleza mzee kwamba katika suala la umiliki kuna ngazi, kuna taarifa na kuna mfumo unaohifadhi taarifa, na kwamba kampasi bado iko kwenye mchakato wa…

"Mimi," Mama Lucian alisema.

Mzee akamgeukia.

"Daftari ni langu, mjomba. Mama yake alinipa mimi lile jina, na mimi nikalitoa. Niliandikiwa barua, lakini barua haikuwa na mikono. Mikono ni yangu. Nimekuja kuomba radhi kwake na kwako."

Sijui niseme nini kuhusu wakati ule. Vikao kumi na viwili, watu wenye shahada zao, chai na vitumbua, na neno hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwa yeyote. Kumbe ni fupi. Nikasimama, na maneno yangu yote yaliyopangwa yakanitoka kichwani, nikasema nilichobaki nacho.

"Mzee, aliyebandika ni mimi. Yeye aliniambia ni siri, nikamwahidi, nikapuuza. Kaka Bwanali, nilikudharau bila hata kukufahamu. Nisamehe."

Bwanali alichukua korosho moja, akaitazama, akaiweka upande wa mbovu. Mzee Yunusi hakusema tumesamehewa wala hatukusamehewa. Aliuliza kinachotakiwa sasa.

Mama Lucian akamweleza yote bila kuficha. Kwamba jina lisipokuwepo mahali popote, digrii inaanguka. Kwamba Bwanali akikubali, kesho Alhamisi wanakwenda kwa wakili hapo hapo Newala, anakula kiapo kwamba wale wawili ni mtu mmoja, karatasi inafungwa ndani ya bahasha, bahasha inapigwa muhuri wa lakiri, inakaa kwenye kabati la chuma. Kabati lina ufunguo mmoja. Mwenye ruhusa ya kuifungua ni mtu mmoja, na jina la mtu huyo Bwanali mwenyewe atalijua. Kwenye kompyuta lile jina litaondoka. Patabaki neno moja tu, "imethibitishwa".

"Kompyuta inaweza hivyo?" mzee akaniuliza.

"Inaweza, mzee. Nikishapata kiapo ni kazi ya dakika kumi."

"Dakika kumi."

"Ndiyo, mzee."

"Na mwanzo hukuwa nazo?"

Hakusubiri nimjibu. Alimgeukia Mama Lucian tena. "Nawe umri umekwenda kama mimi. Unastaafu lini?"

"Mwezi wa sita, mjomba."

"Na ufunguo?"

Hapo Mama Lucian alikwama. Nilimwona akikwama, vidole vyake vikaenda kwenye pindo la kanga vikabaki huko. Miaka thelathini na mitatu aliwaza kila kitu isipokuwa hicho. Alisema ataomba chuo kimteue mtu mwaminifu. Mzee akauliza nani. Akasema bado hajulikani. Mzee akatazama turubai lake la korosho, na uso wake ukafunga kama duka. Nikajua tumeshindwa.

Ndipo Bwanali alipoongea kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Apewe huyo," alisema, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu?" Mzee Yunusi alistaajabu. "Huyu si ndiye aliyekuvua nguo?"

"Ndiye. Wale vijana wamelisikia, wakimaliza chuo watalisahau. Huyu halisahau tena mpaka anakufa. Mkitafuta mtu mwaminifu itabidi naye aambiwe, na mimi sitaki alijue mtu mpya."

Akasimama, akakung'uta mapaja, akashuka barazani akaja mpaka mbele yangu. Ni mtu mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuona hata chembe ya urafiki ndani yake.

"Niite," alisema.

Majina yake yote mawili nilikuwa nayo mdomoni, nayajua sawasawa.

"Bwanali," nikamwita.

"Naam," akaitika, akaingia ndani kutafuta vyeti vyake.